Mcheri Wangu Unatafuta Mchumba

Jumapili, 5 Aprili 2026. Pasaka.

Kristo amefufuka. Mimi nimejichimbia kaburi.

Ilikuwa baada ya Misa ya Kiswahili, ukumbini, watu wanakula. Anastasia alikaa karibu nami. Karibu kabisa! Kati yetu kulikuwa na kiti kimoja tu, na juu yake mkoba wake. Anastasia ni nesi, mzaliwa wa Kilosa, mjane wa siku nyingi. Akicheka anafunika mdomo kwa kiganja, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu.

Akasema anachokikosa London si jua. Kukosa jua mtu anazoea. Anachokikosa ni kuchuma. Kunyoosha mkono, kuvuta tawi, kula tunda likiwa bado na joto la mchana. Kwao kulikuwa na mzambarau nyuma ya jiko, na msimu ukifika ndugu zake wote walikwenda kanisani na ndimi nyeusi. Hapa kila tunda limefungwa kwenye plastiki, baridi tupu. Macho yake hayakuwa ukumbini tena.

Mtu mwenye akili angesema pole. Mimi nikasema nina mti wa cheri nyuma ya nyumba yangu, Walthamstow. Cheri tamu, nyeusi, ukila ulimi unageuka kama umekula zambarau. Aje Julai achume mpaka mikono ichoke.

Akageuka akanitazama. Akauliza, kweli? Nikasema kweli kabisa.

Kweli kabisa ni hii: mti upo. Kila mwaka unachanua, mweupe pe, majirani wanaupiga picha. Cheri sijaiona hata moja. Siku zote nilidhani ndege wananiwahi.

Wakati wa kuagana akanifungia pilau niende nayo, kwenye bakuli lake la kijani lenye mfuniko. Akasema nimrudishie bakuli siku yoyote, hata katikati ya wiki, jioni huwa yupo. Nikamwambia atalipata Julai, limejaa cheri. Akasema hata kabla ya Julai si vibaya. Nikakataa katakata! Kwetu Upare bakuli la mtu halirudi tupu. Mama yangu kule Same akisikia nimerudisha bakuli tupu hatapokea simu yangu mwaka mzima.

Akasema haya, kaka Thadei. Nadhani adabu yangu ilimgusa.

Jumanne, 7 Aprili

Nimempigia mwenye nyumba wangu, Bwana Madhu. Anakaa Kenton, ila alizaliwa Tanga, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Analijua hilo. Alidhani nimepiga kuhusu boila, mtambo mbovu wa maji ya moto, akaanza kukohoa. Nilipotaja mti, kikohozi kikapona papo hapo.

Mti aliupanda marehemu mkewe. Unaitwa Bing. Nikauliza, kwani ni Mchina? Akasema ndiyo, Mchina! Wanasimulia kwamba Bing alikuwa msimamizi kwenye shamba la miche huko Marekani, na tajiri wake akaupa mti jina la Bing. Siku moja akaenda kwao kusalimia, na sheria za wakati ule zikamzuia kurudi. Hawakumwona tena. Jina likabaki kwenye tunda.

Mtu ameondoka, jina lake linaliwa na watu wasiomjua. Mimi nikiondoka hapa kitabaki nini? Boila mbovu. Baadaye nikajaribu kwa sauti: naomba kilo moja ya Thadei. Haikusikika vibaya hata kidogo.

Bwana Madhu akanieleza kinachomsibu Bing. Cheri tamu nyingi hazijiwezi zenyewe. Ua la Bing halipokei chavua ya Bing. Lazima nyuki walete chavua kutoka mti wa jina jingine, unaochanua wakati uleule. Zamani jirani alikuwa nao, na Bing alizaa ndoo kwa ndoo. Jirani akaukata ili apanue jiko. Tangu hapo Bing anachanua bure.

Anachanua bure! Kila mwaka anavaa nguo ya harusi na hakuna anayebisha hodi. Lakini mpango ulikuwa umeshanijia. Bwana Madhu alikuwa anaongeza jambo, kwamba si kila jina linafaa, kuna kitu cha kuangalia kwanza. Nikamshukuru nikakata. Wazee wa Tanga wakianza hawamalizi.

Mpango wenyewe: sihitaji kupanda mti wa pili. Unakata tawi lenye maua kwenye mti wa mtu, unalisimamisha kwenye ndoo ya maji karibu na mti wako, nyuki wanafanya ushenga. Bure! Na mwenye mti ninamjua. Ni Cosmas wa Thornton Heath.

Cosmas ni Mchaga, mimi Mpare. Ni watani tangu enzi za mababu, na mtani akichukua cha mtani wake haitwi mwizi. Kwa hiyo tawi lile ni langu kihalali. Isitoshe, siku ya Pasaka Cosmas alimbebea Anastasia kiti. Nilimwona. Na alikibeba kwa mkono mmoja, makusudi.

Jumamosi, 11 Aprili

Thornton Heath. Kutoka kwangu ni kuvuka London yote.

Cosmas ana nyumba yake mwenyewe, na hukai naye dakika kabla hajakuonyesha dirisha jipya. Mti ameuegemeza kwenye ukuta usiopata jua. Kila Julai analeta ndoo ya cheri kanisani na watu wanampigia vigelegele. Mwaka jana nilionja. Chachu! Jicho moja lilijifunga lenyewe.

Nikatangaza nimekuja kuchukua tawi kwa haki ya utani. Cosmas akasema leo ameona Mpare aliyevuka jiji zima ili asinunue mti. Nikasema Mchaga angeweza, angekodisha hata kivuli cha mti huo. Akanimiminia chai. Tukatukanana vizuri kwa muda, kwa furaha, kama watu wa nyumbani. Kisha akaniletea msumeno mwenyewe, akasema nikate upesi kabla hajafungua kesi.

Tatizo moja dogo. Maua hayapo. Vitumba tu, vimefumba. Cosmas akasema huu unaitwa Morello, ni cheri chachu, wenzake wakimaliza ndipo unaanza. Tena hauhitaji mwenzi. Unajichavusha wenyewe. Nikamwambia sasa nimejua kwa nini tunda lake lina roho mbaya: halijawahi kumngoja mtu.

Nikakata tawi kubwa hata hivyo. Nimetoka mbali. Vitumba vitafunguka vikifika Walthamstow.

Treni hadi Victoria, kisha ile ya chini ya ardhi, na tawi refu kuliko mimi. Watu wa London hawamtazami mtu. Leo walinitazama. Bibi mmoja Mzungu akauliza kama natoka mazishini au naenda harusini. Nikasema naenda harusini. Akanipongeza, akanishika mkono. Nikajikuta nimefurahi kama vile bibi harusi ananingoja kituo cha mwisho.

Jumatatu, 13 Aprili

Bing amechanua! Tawi hadi tawi, hakuna nafasi ya kuweka kidole. Asubuhi nilisimama mlangoni na kikombe, chai ikapoa. Kazini kwangu hospitali nashughulika na miadi ya wagonjwa, kutwa nzima nawasogezea watu tarehe mbele. Leo sikuona hata jina moja kwenye kompyuta. Niliona nyeupe tu, na Anastasia amesimama chini yake.

Tawi la Cosmas limekunja ngumi kwenye ndoo. Nikaliingiza sebuleni, nikaliweka kando ya hita, nikawasha hita. Mpare, kuwasha hita, Aprili, kwa ajili ya mti! Hadi jioni vitumba vilikuwa vimekauka, vinapukutika kwenye zulia. Hakuna hata kimoja kilichofunguka.

Na mwenye tawi hakulala. Ameandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya yetu kwamba Mpare ameonekana Thornton Heath akiiba kuni. Anadai faini ya mbuzi. Watu wamecheka hadi wa Kongo ambao utani wetu hauwahusu. Nikajibu kwa hoja ndefu, yenye vifungu. Nilinukuu mababu. Kwa kweli nilifurahi sana kuandika. Kesi nzuri ni kesi nzuri.

Chini yake Anastasia akaandika kwamba kaka Thadei nikichoka na kesi nimpelekee bakuli lake, Jumatano anakaanga samaki. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, bakuli liko salama, nimelifunga kwenye gazeti nikaliweka juu ya kabati.

Jumatano, 15 Aprili

Mungu hamtupi mja wake. Nyuma ya ukumbi wa kanisa kuna mcheri, umechanua sawasawa na Bing! Nimepita hapo mara ngapi nikiwahi Misa, sijawahi kuinua macho.

Mama Agathe wa Bukavu ndiye anayesafisha ukumbi, na ufunguo wa geti anao yeye. Nikamwomba tawi. Akasema, "Kata tu, baba, maua iko mingi. Ule muti banauita Napoléon." Nikauliza kama ni mtamu. Akasema ni mutamu sana, ndege banaujua kuliko padri.

Napoleon! Jina jingine kabisa. Bing Mchina, huyu Mfaransa. Hakuna namna watu hawa wawe ndugu.

Nikiwa juu ya ngazi Mama Agathe akaniuliza kutoka chini, "Sema kweli. Unatafuta bibi ao unatafuta matunda?" Nikasema kwanza matunda, mke baadaye. Akatikisa kichwa, akaenda kupiga deki.

Alhamisi, 16 Aprili

Harusi imefungwa.

Nimechukua likizo ya siku moja. Tawi la Napoleon kwenye ndoo, ndoo juu ya meza, meza chini ya Bing. Nilivaa shati jeupe. Mshenga hakufika: baridi, upepo, nyuki mmoja tu akapita akitafuta njia. Basi nikafanya mwenyewe. Brashi yangu ya kunyolea ndevu, laini, nikaigusisha kwenye ua la Napoleon, halafu ua la Bing, halafu Napoleon, halafu Bing. Nilipanda kiti. Nilipanda meza. Jirani akachungulia juu ya uzio, akanitazama muda mrefu, akarudi ndani na kufunga pazia.

Nilifanya kazi hadi shingo ikakakamaa. Kila ua nililitaja jina lake, Anastasia. Mtu mzima, juu ya meza, anaongea na maua. Lakini ndivyo moyo ulivyo. Nilimtaka awe pale, ashike kiti kisiyumbe, anicheke na kiganja mdomoni.

Nimenyoa kwa brashi ileile. Nimepiga chafya hadi sasa.

Jumapili, 19 Aprili

Baada ya Misa Anastasia aliniuliza habari za mti. Nikasema umependeza mno. Akasema Jumanne hana shifti, angependa kuja kuuona ungali na maua. Miaka yote hii anapita chini ya miti ya watu akikimbilia basi, hajawahi kukaa chini ya hata mmoja. Atakuja na chapati.

Nilijizuia. Nikamwambia hapana, mgeni haalikwi kwenye maua. Maua hayaliwi. Avumilie, Julai si mbali.

Akasema maua hayakai. Nikasema ndiyo maana!

Cosmas alikuwa nyuma yetu anakunja meza. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Wivu ni ugonjwa.

Petali zimeanza kudondoka. Jumanne nilikula chapati za dukani chini ya Bing, peke yangu. Petali zilinidondokea kwenye chai. Sikuzitoa.

(Hiyo ya Jumanne nimeiongeza Jumanne.)

Jumatano, 13 Mei

Cheri! Ndogo, za kijani, kama kunde! Kila kikonyo kina yake! Nimepiga magoti kwenye majani mabichi nikamshukuru Mungu kwa sauti. Jirani akafunga pazia.

Nimemtumia Anastasia picha. Akajibu kwamba zinapendeza, na je, naendeleaje mimi mwenyewe, nakula? Nikamtumia picha nyingine, ya karibu zaidi.

Nimeshusha bakuli kabatini, nimelipima kwa macho. Huenda likawa dogo.

Ijumaa, 22 Mei

Zimekuwa njano. Zinaanguka. Ukigusa tawi zinamwagika kama choroko. Nimejaribu kuzibandika kwa gundi. Sitaki kuongelea hilo.

Bwana Madhu amekuja mwenyewe kutazama boila, akanikuta bustanini nimeinama. Nikamweleza yote: tawi, ndoo, brashi, Napoleon. Alipofika hapo pa Napoleon akaomba kiti.

Akasema ndicho alichokuwa anataka kuniambia siku ile kwenye simu. Cheri tamu zina koo. Bing na Napoleon ni wa ukoo mmoja. Majina mbalimbali, sura mbalimbali, mmoja mweusi na mwingine wa manjano, lakini damu moja, na ua linaijua damu yake na kuikataa. Brashi ya dhahabu isingesaidia; hizo za kijani ni za uongo, huvimba bila mbegu kisha huanguka.

Akaniuliza, "Kwani nyinyi kwenu mnaoa ukoo wenu?"

Mimi! Mpare wa Same! Kwetu ukitaja mchumba hawakuulizi jina lake, hawakuulizi kama ana macho mawili. Wanauliza ukoo. Shangazi zangu wamevunja ndoa nne kabla ya chai ya saa nne. Na mimi nimesimama juu ya meza na shati jeupe nikamwoza Bing dada yake!

Bwana Madhu alicheka hadi akafuta machozi, na machozi yakaendelea kidogo baada ya kicheko. Akasema mkewe alikuwa anakaa papo hapo nilipokaa, na sufuria mapajani, anatoa kokwa. Miaka mingine Bing alizaa, miaka mingine hakuzaa. Mkewe alikaa tu. Akaniambia kwamba kiti kilikuwa cha muhimu kuliko mti.

Nikamuuliza kama boila itapona. Akaanza kukohoa.

Jumapili, 31 Mei

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi.

Tulikuwa jikoni ukumbini, Anastasia anaosha, mimi nafuta sahani. Akasema amepata kazi Leeds, mji wa mbali kaskazini, cheo cha juu, wodi yake mwenyewe. Wanataka jibu kabla ya wiki kwisha. Hajajua ajibu nini. Akasema London hana kinachomshika, labda kama mtu ana sababu ya kumwambia abaki. Kisha akaosha sahani ileile mara ya pili, na ya tatu.

Sababu ninayo! Ninayo! Lakini ningeisema na nini mkononi? Mkono mtupu haulambwi. Kama zingekuwepo cheri ningempa bakuli, na bakuli lingesema lenyewe. Nikasema hongera, vyeo haviji kila siku. Nikaongeza kwamba mwaka huu cheri zimepata hitilafu kidogo, ila mwakani bila shaka.

Akasema, mwakani. Nikasema mwakani, ndiyo. Akanipa sahani.

Ukumbini Cosmas akanivuta pembeni hadi kwenye makoti. Akasema, "Sikiliza we Mpare. Yule mama anakupenda. Mwambie. Leo hii, kabla hajavaa koti."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Utani wa daraja la kwanza! Anataka nikajiaibishe mbele ya jumuiya nzima, halafu aandike kwenye WhatsApp. Nikamwambia Mchaga akikuonyesha njia, ujue amechimba shimo na ameweka tiketi ya kiingilio. Yeye hakucheka. Akarudia kwamba haongei utani. Ndiyo ufundi wenyewe huo! Mtani mzuri hacheki.

Anastasia alivaa koti. Alikawia kwenye vifungo. Nikampungia mkono.

Jumamosi, 27 Juni

Anastasia anahama leo.

Asubuhi nilikwenda sokoni, mtaa mzima wa meza. Cheri zipo, nyeusi, zinang'aa. Nikanunua, nikalijaza bakuli la kijani hadi mfuniko ukagoma. Nikapanda basi. Nilifika hadi kona ya mtaa wake. Gari la mizigo lilikuwa mlangoni, na Cosmas ndani yake anapanga maboksi. Kumbe!

Anastasia alikuwa amesimama barabarani, kitambaa kichwani, anatazama upande mmoja kisha upande mwingine. Kama mtu anayengoja basi. Hakuna basi linalopita mtaa ule.

Nikafunua bakuli. Nikazigusa. Zilikuwa baridi, zimetoka kwenye friji ya muuzaji. Yeye anataka tunda lenye joto la mchana, la kuchumwa kwa mkono, nilimuahidi kwa kinywa changu. Angeweka moja mdomoni akajua. Sikuweza. Nikafunika, nikarudi kituoni.

Nimezila zote chini ya Bing. Jua liliwaka leo. Zilipofika nusu zilikuwa zimepata joto, na hapo ndipo nilipokumbuka nyumbani vibaya mno, na nikamkumbuka yeye ambaye alikuwa bado hajafika hata barabara kuu. Nimelia. Cheri zilikuwa tamu. Nimejitazama kwenye kioo, ulimi mweusi tii, hakuna wa kumwonyesha.

Jumapili, 12 Julai

Amepiga simu! Yeye mwenyewe! Kutoka Leeds!

Nyumba ni ndogo, wodi ni nzuri, mvua ni ileile. Alisema Cosmas na mchumba wake, Vaileth, walimsaidia kuhama hadi huko. Cosmas ana mchumba! Wanafunga ndoa Desemba, Moshi, wapi pengine. Nikasema sikujua. Anastasia akasema kila mtu anajua.

Kisha akasema siku ile alinisubiri. Alimzuia dereva hadi dereva akakasirika.

Halafu akaniita Thadei. Thadei tu, bila kaka! Nilishtuka. Akasema, "Thadei, niletee bakuli langu. Lilete tupu. Sitaki cheri, sikuwahi kutaka cheri. Nyuma ya nyumba kuna benchi na hakuna mti hata mmoja. Panda treni, uje ukae."

Ni roho ya namna gani hii? Ameona aibu yangu kutoka Leeds, anataka kunifunika nguo! Mtu mwingine angenicheka. Yeye anajifanya hataki cheri, ili mimi nisione haya. Sijawahi kumpenda kama leo.

Ndiyo maana siwezi kumwendea hivi hivi. Mwanamke wa namna hii anastahili ahadi itimizwe.

Na habari njema ninayo! Nimempa palepale. Bwana Madhu amenitajia mcheri unaoitwa Stella. Mtamu, mweusi, haujali koo, unajichavusha wenyewe, na zaidi ya hapo chavua yake inamfaa hata Bing. Nimeshaagiza mche. Utapandwa vuli hii, kando ya Bing, na utaanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Nikamwambia asiwe na shaka tena, safari hii nimeuliza ukoo. Siku ya tunda la kwanza nitakuwa kwenye treni ya alfajiri, bakuli limejaa, lina joto la mchana.

Akauliza, miaka minne? Nikasema mitatu, mvua ikiwa nzuri.

Akasema, "Haya. Usiku mwema, kaka Thadei."

Kaka! Heshima imerudi. Mambo yananyooka.